Anatafuta Nini Mgombea wa Upinzani Pale Ambapo Matokeo Yanajulikana?

Mtu anayechukua fomu ya udiwani au ubunge kwa tiketi ya upinzani, katika nchi ambayo chama tawala hakijawahi kung'oka, huulizwa swali lilelile na mwenzi wake, wazazi wake na mwajiri wake: unatafuta nini? Majibu mawili huja haraka. La kwanza ni kwamba anatafuta tumbo lake, yaani ruzuku na posho. La pili, ambalo hutolewa na wanaompenda, ni kwamba ni jasiri, kazaliwa hivyo. Yote mawili yanaeleza kidogo sana. Mwenye njaa ya cheo anayo njia fupi zaidi, nayo ni kuingia chama tawala. Na ujasiri hauelezi kwa nini mtu huyo agombee badala ya kuandika gazetini, kufungua kesi au kuandamana.

Tanzania tangu vyama vingi viliporudi Julai 1992, na Uganda tangu kura ya maoni ya 2005 iliyorudisha vyama huko, zimetoa mifano ya kutosha kulijibu swali hili. Ukiwafuata wagombea wenyewe, wanakotoka, wanacholipa na wanachopata hata wakishindwa, unakuta hesabu yenye mantiki kabisa. Kushinda ni sehemu moja tu ya hesabu hiyo, na mara nyingi si sehemu kubwa.

Kwanza uwanja wenyewe. Tawala za namna hii hazifuti uchaguzi. Vyama vinasajiliwa, karatasi za kura zinachapishwa, waangalizi wanaalikwa. Kilichopinda kiko ndani ya sheria na ndani ya ofisi. Tanzania, wasimamizi wa uchaguzi majimboni wamekuwa wakurugenzi wa halmashauri, watu walioteuliwa na Rais ambaye ndiye mwenyekiti wa chama tawala, CCM. Mahakama Kuu ililikataa jambo hilo Mei 2019. Mahakama ya Rufani ikalirudisha Oktoba mwaka huohuo. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha kutangazwa. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema mwaka 2013 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki. Na mbunge akifukuzwa au kuhama chama, kiti kinakwenda. Kwa hiyo mpinzani hawezi kusimama peke yake: lazima awe na chama, na chama hicho kina Msajili wa Vyama vya Siasa anayekiangalia.

Bei ya kuingia kwenye uwanja huo haiko kwenye ada. Dhamana ya mgombea ubunge Tanzania ilikuwa Sh 50,000 kwa miaka mingi, na ya urais Sh milioni 1. Uganda waliipandisha mwaka 2015: ubunge Sh milioni 3 za huko, urais Sh milioni 20. Fedha hizo zinauma lakini hutafutwa zikapatikana. Bei yenyewe huanza baada ya jina kubandikwa ukutani. Mwenye duka hutembelewa na watu wa mapato na wa leseni katika wiki moja. Mwalimu huhamishiwa wilaya ya mbali. Mkandarasi hakosi sababu ya kunyimwa kazi ya halmashauri. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, chama kikuu cha upinzani Tanzania, alitolewa na Shirika la Nyumba la Taifa katika jengo la klabu ya Bilicanas Septemba 2016, shirika likidai malimbikizo ya kodi. Mwaka uliofuata shamba lake la mboga huko Hai likaharibiwa kwa amri ya uongozi wa wilaya. Joseph Mbilinyi, Sugu, mbunge wa Mbeya Mjini, alifungwa Februari 2018 kwa maneno ya jukwaani. Tundu Lissu, mbunge wa CHADEMA, alimiminiwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, mchana, ndani ya makazi ya viongozi, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo. Kizza Besigye wa Uganda aliteuliwa kugombea urais Desemba 2005 akiwa gerezani.

Anayeijua bei hiyo na bado anachukua fomu anajua kitu kuhusu faida.

Faida ya kwanza ni siku za kusema kwa uhuru wa kisheria. Tangu katikati ya 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa Tanzania. Mbunge aliruhusiwa kuzungumza jimboni kwake tu, na hapo pia polisi walikuwa na taarifa zao za kiintelijensia. Katika miaka hiyo yote kulikuwa na dirisha moja tu kwa chama cha upinzani kupita mkoa kwa mkoa na kipaza sauti: kampeni za 2020, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba 27. Lissu alirudi kutoka Ubelgiji Julai 27 mwaka huo kugombea urais. Hata katika dirisha hilo alisimamishwa kampeni kwa siku saba na kamati ya maadili ya uchaguzi, lakini zilizobaki zilimtosha kusema mbele ya maelfu mambo ambayo nje ya msimu yangempeleka kituoni. Asiyegombea hana siku hizo. Anayesusa anazipoteza, na ndiyo maana mjadala wa kususia uchaguzi ndani ya vyama vya upinzani huwa mkali kiasi kile.

Faida ya pili ni nafasi za chini, ambazo wachambuzi wa mjini huzidharau. Urais umefungwa, udiwani kwa muda mrefu haukufungwa. Diwani anaingia kwenye vikao vya halmashauri, anaona bajeti na zabuni, anajua asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imekwenda kwa vikundi gani. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua za utambulisho na kushuhudia mauziano ya viwanja. Hayo ni madaraka yanayogusa maisha ya watu kila wiki. Baada ya 2015 upinzani uliongoza halmashauri za miji mikubwa ikiwemo Arusha na Mbeya, na Machi 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA akawa meya wa Jiji la Dar es Salaam. Kampala, Erias Lukwago alishika umeya wa jiji kuanzia 2011 huku Rais Museveni akiwa na dola yote mkononi.

Bungeni pia kulikuwa na kazi halisi. Kanuni zilikabidhi kamati za hesabu za serikali kwa wapinzani. Zitto Kabwe aliyesimamishwa ubunge Agosti 2007 kwa kuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi ndiye aliyeongoza kamati ya hesabu iliyowasilisha ripoti ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow Novemba 2014. Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya watuhumiwa wa ufisadi viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Septemba 2007, akiwa mbunge wa Karatu. Raia wa kawaida aliyesoma majina yale hadharani asingerudi nyumbani kirahisi.

Ya tatu ni chama chenyewe. Ruzuku hutegemea kura na viti. Viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za wabunge, kwa vyama vilivyovuka asilimia 5. Maana yake kila kura anayopata mgombea aliyeshindwa jimboni inaingia kwenye fungu la chama, na kwa fungu hilo mwanamke mmoja zaidi anaweza kufika Dodoma. Ukiangalia CHADEMA peke yake: 2005 ilipata majimbo 5 na jumla ya wabunge 11, 2010 majimbo 23, jumla 48, 2015 majimbo 34, jumla 70. Halima Mdee aliingia kwa viti maalumu 2005, akachukua jimbo la Kawe 2010. John Mnyika alishindwa Ubungo 2005 na kushinda 2010. Aliyeshindwa mwaka ule hakuwa amepoteza muda wake; alikuwa ameacha matawi, orodha ya wanachama na mawakala waliojifunza kazi, na aliyekuja baada yake, mara nyingi yeye mwenyewe, alianzia hapo.

Ya nne ni kumbukumbu. Wizi wa kura usio na mshindani hauna shahidi. Anayegombea ana haki ya kuweka wakala kituoni, na wakala ana haki ya nakala ya fomu ya matokeo: 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Fomu hizo zikilinganishwa na jumla iliyotangazwa zinaweza kufika mahakamani, kwa waangalizi na kwenye historia. Uganda, ambako matokeo ya urais yanaweza kupingwa, Besigye alikwenda Mahakama ya Juu 2001 na 2006. Mara zote mbili majaji walikubali kwamba sheria ilikiukwa. Mara zote mbili waliacha matokeo yasimame, kwa kura tatu dhidi ya mbili, kisha nne dhidi ya tatu. Kwa mtazamo wa haraka alishindwa. Lakini ukiukaji ule umo katika hukumu ya mahakama ya nchi yenyewe, na hakuna msemaji wa serikali anayeweza kuufuta.

Hapa inafaa kueleza jinsi kazi hii inavyokwama, kwa sababu wengi wanadhani kura huibwa kwenye sanduku. Kwa sehemu kubwa mambo huharibika mapema zaidi, kwenye fomu. Mgombea ubunge anahitaji wadhamini wasiopungua 25 waliojiandikisha katika jimbo hilo, tamko mbele ya hakimu, picha, uthibitisho wa chama, dhamana na fomu ya maadili, vyote vikabidhiwe kabla ya saa 10 alasiri siku ya uteuzi. Kisha pingamizi. Mwaka 2019 katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na tena 2020, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa sababu kama jina la chama kuandikwa kwa kifupi, sahihi kutofanana, au kosa la kujaza kazi ya mtu. Wengine walikuta ofisi imefungwa siku ya kurudisha. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka uliofuata wagombea ubunge 28 wa CCM walipita bila kupingwa.

Vyama vilijifunza kwa uchungu. Fomu hujazwa seti zaidi ya moja na kukaguliwa na mwanasheria. Wadhamini hukusanywa zaidi ya idadi inayotakiwa, maana msimamizi akimkuta mmoja hayumo kwenye daftari, 25 wanakuwa 24. Fomu hurudishwa mapema ili kosa likisemwa liwe na muda wa kurekebishwa, na kila karatasi inayokabidhiwa hubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye saa. Bila muhuri huo, rufaa kwa Tume ya Uchaguzi haina miguu.

Ngazi ya pili ya kukwama ni mawakala. Mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na vituo vya kupigia kura 80,155. Ukimpa kila wakala Sh 10,000 tu za chakula na nauli, unahitaji zaidi ya Sh milioni 800 kwa siku moja, na hapo hujalipa mwanasheria wala mafuta. Wakala lazima aapishwe kabla na awe na barua ya utambulisho. Barua zikicheleweshwa, anasimama nje ya kituo asubuhi nzima wakati sanduku liko ndani. Hicho ndicho walicholalamikia wapinzani sehemu nyingi mwaka huo. Na anayetaka kwenda mahakamani kupinga matokeo ya ubunge ana siku 30, na dhamana ya gharama ya hadi Sh milioni 5 kwa kila mlalamikiwa, na walalamikiwa huwa zaidi ya mmoja. Mgombea aliyeuza ng'ombe ili afanye kampeni huishia hapo.

Kwa gharama hizo, nani basi anabaki kwenye foleni? Wamo wa aina mbili kuu, na ni vibaya kuwachanganya.

Wapo waliotoka chama tawala baada ya kukatwa au kugombana. Augustino Mrema aliondoka serikalini na CCM mwaka 1995, akapata karibu asilimia 28 ya kura za urais. Edward Lowassa alikatwa jina Julai 2015, akahamia CHADEMA na kupata karibu asilimia 40, kura zaidi ya milioni 6, rekodi ya upinzani. Hawa huja na fedha, majina na mitandao. Hesabu yao iko karibu sana na ushindi, kwa hiyo ushindi ukikosekana sababu ya kubaki inapungua. Lowassa alirudi CCM Machi 2019.

Wengine walikuwa wanaharakati muda mrefu kabla ya kuwa wagombea. Lissu alikuwa mwanasheria wa mazingira akiwatetea wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu na kushtakiwa kwa uchochezi miaka mingi kabla hajaingia bungeni 2010. Bobi Wine, mwanamuziki wa Uganda, alikuwa akiimba habari za ghetto la Kamwokya kabla ya kushinda uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki Juni 2017. Mifano midogo imejaa kila wilaya: kiongozi wa serikali ya wanafunzi aliyesimamishwa chuo, mwalimu wa chama cha wafanyakazi, mama aliyeongoza wanakijiji kwenye mgogoro wa ardhi na mwekezaji. Mtu huyu amekwisha kulala mahabusu, amekwisha kujifunza kuchangisha na kuzungumza na askari, na marafiki zake wote wako humohumo. Akifikia kuchukua fomu, sehemu kubwa ya gharama alikwisha kuilipa, na sehemu kubwa ya faida, yaani heshima mbele ya wenzake na uwezo wa kupigania jambo lilelile kwa kipaza sauti kikubwa zaidi, haihitaji ushindi. Kwa maoni yetu hapa ndipo jibu zito lilipo. Ukitaka kujua nani atagombea upinzani baada ya miaka kumi, waangalie wanaopigania maji, ardhi na mikopo ya wanafunzi leo.

Kanuni hii haikosi waliokwenda kinyume. Kati ya 2017 na 2020 wabunge na madiwani wa upinzani walihama kwa makundi, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, na miongoni mwao walikuwemo viongozi wa vijana waliokomaa kwenye harakati. Slaa alijiondoa kwenye siasa za vyama 2015 na baadaye akawa balozi Sweden. Hawa wasidharauliwe kwa wepesi. Deni la kampeni na kesi za kila wiki humchosha mtu. Vipo pia vyama vidogo ambavyo huonekana kila miaka mitano, mgombea urais akapokea gari la Tume, kisha kimya. Vina kazi kwa utawala, kwa sababu orodha ndefu ya wagombea hufanya karatasi ya kura ionekane na ushindani.

Zanzibar inaongeza sababu ambayo bara haipo kwa nguvu hiyo. Maalim Seif Sharif Hamad alifukuzwa CCM 1988, akawekwa kizuizini kuanzia 1989 hadi 1991, kisha akagombea urais wa Zanzibar mara sita, kuanzia 1995 alipotangazwa kushindwa na Salmin Amour kwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2. Januari 27, 2001 waandamanaji waliuawa, wengi wao Pemba, na wengi wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Matokeo ya 2015 yalifutwa na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, wakati hesabu ikiendelea. Bado kila uchaguzi ulikuwa na uzito wa kupima nguvu, na nguvu iliyopimwa ndiyo iliyoleta maridhiano: mabadiliko ya katiba ya 2010 yalitoa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama cha pili. Maalim Seif aliishika nafasi hiyo mara mbili, ya mwisho kuanzia Desemba 2020 hadi kifo chake Februari 2021, akiwa katika chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo. Bila kugombea, hakuna asilimia. Bila asilimia, hakuna meza ya mazungumzo.

Kuna na tumaini, ambalo si upuuzi. Hakainde Hichilema wa Zambia alianza kugombea urais 2006, alikaa rumande kwa kesi ya uhaini 2017, na alishinda Agosti 2021 katika jaribio lake la sita. Tawala hizi huonekana imara hadi wiki ya mwisho. Siku chama tawala kinapogawanyika, anayefaidika ni yule ambaye tayari ana mawakala na jina kwenye karatasi.

Hesabu yote hii ina masharti, na Tanzania imeonyesha yakiondolewa moja baada ya jingine. Mwaka 2020 CHADEMA ilishuka kutoka majimbo 34 hadi 1, la Nkasi Kaskazini. Wanawake 19 waliapishwa viti maalumu huku chama kikisema hakikuwateua, na kikawafukuza uanachama. Uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 ulitoa tena asilimia 99 kwa chama kimoja, miezi michache baada ya Ali Kibao wa sekretarieti ya CHADEMA kushushwa kwenye basi na kukutwa amekufa. Hapo nafasi za chini zilikuwa zimefungwa, viti maalumu vimepoteza maana, na mawakala hawaingii vituoni. Ndipo kauli ya kuzuia uchaguzi bila mabadiliko ilipopata nguvu, na Lissu akamshinda Mbowe katika uenyekiti Januari 2025 kwa kura 513 dhidi ya 482. Wapo waliosema ni hasira. Ilikuwa hesabu ileile, ikitoa jibu jingine kwa sababu tarakimu zilikuwa zimebadilika. Aprili Lissu alishtakiwa kwa uhaini, na siku chache baadaye Tume ikasema chama ambacho hakikusaini kanuni za maadili hakitashiriki.

ACT-Wazalendo ilibaki, ikiamini kwamba kujitoa ni kuzawadia uporaji. Mgombea wake wa urais, Luhaga Mpina, alienguliwa. Oktoba 29, 2025 watu waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, wengi wakauawa kwa risasi, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Walioamini katika fomu na walioamini katika kususa walijikuta mahali pamoja, na waliokufa wengi hawakuwa wagombea wa chochote.

Kwa ratiba ya miaka mitano, uchaguzi wa serikali za mitaa unarudi 2029. Kijana anayefikiria uenyekiti wa mtaa kwa tiketi ya upinzani ataangalia mambo matatu kabla ya kuchukua fomu: kama afisa anayepokea fomu anaweza kushtakiwa akikataa kuipokea, kama mawakala wake wataapishwa na kuingia ndani kituo kinapofunguliwa, na kama chama chake kitakuwa na mwanasheria wilayani ndani ya muda wa pingamizi. Akipata ndiyo kwa mawili kati ya hayo, kuna sababu ya kugombea hata akijua atatangazwa kushindwa.